Vidole Vilivyoharibu Posa

Juma lililopita nilikwenda hospitali kutazamwa jicho. Tulikaa kwenye benchi humo humo chumbani kwa daktari, na mbele yangu kwenye foleni alikuwa mzee mmoja wa Kibokoni, kanzu yake safi, vidole viwili vya mkono wa kulia vimejikunja kuelekea kiganjani.

"Vinauma?" daktari akamuuliza.

"Haviumi, bwana daktari, vinanivunjia heshima. Nilikwenda kumposea mwanangu. Nikampa mkono baba wa mwari, akauvuta wake kwa hasira, ati namtekenya!"

Sisi wa kwenye benchi tukainamisha nyuso.

"Laza mkono juu ya meza," daktari akasema. Kiganja kikakataa kulala. Daktari akakipapasa, akakuta ugumu kama kamba chini ya ngozi.

"Haya ni maradhi, mzee. Nyama ya kiganja imekaza, inavivuta vidole. Tukipasua, huenda vikanyooka."

"Kupasua baadaye. Kwanza mwandikie yule bwana barua, umwambie simtekenyi."

Daktari akaandika, akagonga na muhuri. Sijapata kumwona mtu akifurahia maradhi kama mzee yule.

Jana nimesikia posa imekubaliwa. Ila baba wa mwari sasa humsalimu kwa mbali, mkono kifuani.