Utajiri wa Yaya Amisi

Juzi, sokoni Kasongo, niliona watoto wakicheza na vyombo vya angani kwenye telefone, nikamkumbuka kaka yangu, Yaya Amisi.

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, mimi naye tulikaa kwenye kibanda cha kuchajia telefone, kwetu Kabambare. Jenereta ilinguruma, moshi wake ukichanganyika na harufu ya karanga za kukaanga. Katika mchezo wake wa mtandaoni Yaya alikuwa amegundua mwanya: kituo kimoja cha angani kiliuza madini kwa bei rahisi, cha jirani kikayanunua maradufu. Alienda na kurudi, feza za mchezoni zikajaa.

"Sasa tuko matajiri!" alicheka.

Nilimwamini. Nilikimbia nyumbani kwa mama, aliyekuwa mgonjwa. "Mama, Yaya iko na feza mingi! Utaenda kutibiwa Kasongo."

Yaya alipoingia, mama alimshika mikono akilia kwa furaha. Yaya alinitazama, wala hakunikaripia.

"Ndiyo, mama. Unipe juma moja."

Kesho yake alipanda pikipiki kwenda Lusangi kuchimba dhahabu. Siku ya nne shimo lilimfukia.

Walipotuletea nguo zake, mama aliniuliza, "Mutu iko na feza, alienda kutafuta nini mu shimo?"

Nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba feza zile zilikuwa za mchezoni tu. Nilizichukua nguo, nikaanza kuzikunja.