Kabla Kichwa cha Pikapu Hakijakatwa

Fundi alinipigia simu asubuhi, ndiyo kwanza nimefika kazini Raskazone, hata dirisha la ofisi sijalifungua. Alisema wameshaivua pikapu ya marehemu baba kila kitu, imebaki mifupa, na sasa anataka jibu.

"Dada, tunakata au hatukati? Nikishaweka grenda pale, hakuna kurudi nyuma."

Nikamwambia nitakuja. Akasema kuja ni sawa, ila nije na neno moja, maana mdogo wangu alikuwa amempigia jana yake akamwambia akate, na mimi nilikuwa nimemwambia asiguse. Nilikata simu nikakaa. Kazi iliyokuwa mezani niliitazama mpaka chai ikapoa, na sikumbuki ilihusu nini.

Pikapu ile baba aliinunua kabla sijazaliwa, kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ilikuwa ya kijani, nyuma ina mbao pembeni, na mbele kichwani ina kiti kimoja kirefu cha kutosha watu watatu. Sisi ni Wabondei wa upande wa Muheza, na kijijini kwetu watu waliijua kwa mlio kabla hawajaiona. Ilipeleka machungwa sokoni Tanga. Ilipeleka wajawazito hospitali. Ilibeba maharusi wa kanisani na wa msikitini bila kubagua, na majeneza vilevile. Baba alipofariki tuliiacha chini ya banda la makuti, kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Mimi na mdogo wangu tulikubaliana kuifufua. Hapo hatukubishana. Tulichokosea ni kudhani kwamba tukishakubaliana hilo, mengine yatajipanga yenyewe. Yeye kazi yake ni kutembeza wageni wanaokuja kuona magofu ya Tongoni na fukwe za Pangani. Alitaka paa la kichwa liondolewe kabisa, nyuma ziwekwe benchi mbili zinazotazamana, juu turubai, na rangi iwe samawati ya kupendeza kwenye picha. Mimi nilitaka irudi ilivyokuwa, kijani kilekile, mbao zilezile, kiti kilekile kirefu. Nilitaka nikiiona imesimama uani, niweze kungoja mlango wa dereva ufunguke.

Hilo la mwisho sikumwambia mtu.

Tangu ilipovutwa mpaka gereji ya Makorora, roho yangu haikutulia. Saa ya chakula nilikuwa napanda bajaji kwenda kuitazama tu. Kila nilipokwenda nilikuta kibaya kipya. Sakafu ya mbele ilikuwa imeliwa na kutu, ukiinama unaona mchanga. Milango ilipofunguliwa ndani yake palimwagika vumbi jekundu kama la kichuguu. Fundi alisema kuirudisha ilivyokuwa kunawezekana, lakini itakuwa gari la kuwekwa, si la kwenda, na akaniuliza ni nani ataliendesha. Nikiwaza ikatwe, naona kama tunamkata mzee mwenyewe. Nikiwaza isikatwe, naona imesimama miaka na miaka inaoza tena, safari hii mbele ya macho yangu. Nilikuwa naogopa pande zote mbili, na nilikuwa naogopa zaidi siku ya kuambiwa kwamba ni mimi niliyeamua.

Mdogo wangu naye alianza kuniandikia ujumbe mfupimfupi. Tulikuwa hatujawahi kugombana toka utotoni, na hata sasa hatukupandishiana sauti, ila alikuwa ameacha kuanza na salamu.

Basi siku ile ya simu nikamwomba tumlete mama. Alikubali haraka, nadhani kwa sababu alikuwa na hakika mama atakuwa upande wake, kama mimi nilivyokuwa na hakika atakuwa upande wangu. Akamfuata Muheza, na mchana tukakutana wote gereji.

Fundi alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia, akauliza kama watoto wa fundi hawajambo. Kisha akaizunguka pikapu taratibu, kanga ameikaza kichwani. Mimi nilikaa karibu na upande wa dereva, nikitegemea atafika pale asimame, pengine alie, na mimi nimshike. Alipita pale bila kusimama. Akaenda mpaka nyuma, akauweka mkono juu ya ubao wa pembeni, mahali palipokuwa pamelainika kwa kushikwa.

"Nilikuwa nakaa hapa," alisema.

Mdogo wangu akauliza kama ni siku gari likijaa. Mama akasema hapana, siku zote. Mbele walikaa wazee wa kanisa, au mnunuzi wa machungwa, au rafiki wa baba yetu aliyeomba lifti, na kama hapakuwa na mtu mzima basi tulikaa sisi watoto, ili tusirushwe. Yeye alikaa na magunia. Akatueleza safari moja ya kwenda Tanga, yeye ana mimba ya mdogo wangu, imekwisha kuwa kubwa, mvua ya masika ikawakuta njiani. Baba alisimamisha gari, akashuka, akampa gunia tupu ajifunike, akarudi kuendesha. Mbele mlikuwa na mgeni ambaye haikuwa adabu kumshusha.

Nilijaribu kukumbuka. Nilijikumbuka mimi kwenye kile kiti kirefu, katikati, magoti yangu yakigusa mkono wa gia, harufu ya mafuta na maganda ya machungwa. Safari nyingi mno nilizikumbuka vile. Katika zote mama hayumo. Sikuwahi kujiuliza yuko wapi.

"Mama, mbona hukuwahi kusema?" nikamuuliza.

"Mlikuwa hamjaniuliza. Na sikuja kumshitaki marehemu, alikuwa mtu mzuri, na ndivyo walivyokuwa wote. Leo mmeniuliza gari lilikuwaje, nawaambia lilikuwaje."

Fundi akajifanya anatafuta spana. Mdogo wangu ndiye aliyemuuliza mama anataka lifanywe nini, na akamweleza habari ya benchi na turubai. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema turubai halizuii mvua ya pembeni, yeye analijua hilo. Wala rangi haimhusu. Anachotaka ni kwamba likitoka hapa, asiwepo mtu wa kukaa nyuma na mizigo. Watu wote wakae ndani, penye paa na mlango wa kufunga.

Fundi akapiga mahesabu kwa kidole hewani. Alisema basi itabidi kichwa kikatwe kwa nyuma, kirefushwe, kiongezwe kiti cha pili na milango miwili, na bodi ya mizigo ifupishwe. Haitafanana na ilivyokuwa, wala na ile ya picha za mdogo wangu. Akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimemzuia.

Ningeweza kuomba siku mbili zaidi. Nikasema, "Kata."

Grenda ilipowashwa sikuweza kukaa. Nilitoka mpaka barabarani, nikasimama kwenye kivuli cha duka la vocha, na ule mlio ukanifuata mpaka kwenye meno. Mdogo wangu alikuja akasimama pembeni yangu. Hakunishukuru, wala mimi sikumpongeza, maana hakuna aliyeshinda. Aliniuliza tu kama nimekula.

Ilitoka gereji ikiwa na sura ya ajabu. Pua ni ya zamani, katikati imerefuka, na maungio ya chuma yanaonekana ukiyatazama kwa mwanga wa pembeni. Kijani tulikikaribia, hatukukipata. Wapo waliocheka tulipoipeleka Muheza mara ya kwanza, na mzee mmoja jirani aliniuliza kwa upole kwa nini tumeiharibu. Kuna siku na mimi najiuliza hivyo.

Safari hiyo mdogo wangu aliendesha, mimi nikakaa kiti cha nyuma, mama tukamweka mbele. Nilidhani atafurahi. Alikaa ameshika mlango kwa mikono yote miwili, na kila lori lilipotokea mbele yetu alikuwa anavuta pumzi na kukanyaga sakafu kana kwamba kuna breki upande wake. Tulipofika Pongwe alisema tusimame kidogo apunge upepo. Alishuka akakaa kwenye jiwe.

"Kumbe mbele ndiko huku," alisema. "Mimi nyuma nilikuwa naona tulikotoka tu."

Nikamuuliza kama anataka tubadilishane, akae na mimi kule kwenye kiti kipya. Alifikiri. Kisha akajifunga kanga upya, akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akapanda.