Upole uliomponza fundi cherehani

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Mama Simu anafuta kioo cha simu ya kliniki kwa pindo la sare yake, anafungua daftari la majibu na kuanza na jina la kwanza lenye alama nyekundu.

"Habari za asubuhi, dada. Ni wewe mwenyewe? Uko peke yako? Basi kaa kidogo, nina neno nawe."

Chumba chake kilikuwa stoo ya mabeseni. Dirisha linatazama foleni ya wanawake waliokuja kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Yeye, mwenye miaka hamsini na minne, si daktari wala muuguzi. Kazi yake ni kuwaita wale ambao majibu yao yanataka warudi. Kwa siku hupiga simu thelathini hivi, na nyingine hupokelewa na waume.

"Mume akiuliza wewe nani, nasema tuko kikundi kimoja," anasema akicheka. "Miaka kumi na moja hii nimekuwa mwanachama wa vikundi vyote vya mji, na hata chai sijawahi kuandaliwa."

Kicheko hakidumu. Katika daftari la miaka minne iliyopita, ukurasa mmoja umekunjwa pembe. Pana jina la fundi cherehani, na mbele yake maneno aliyoandika Mama Simu mwenyewe: "Ameambiwa. Atakuja."

Siku hiyo fundi alipokea huku cherehani ikinguruma. Mama Simu aliisikia hofu katika sauti yake, akaingiwa na huruma.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu, ni kitu kidogo tu," alimwambia. "Njoo ukipata nafasi."

Ukiambiwa uje ukipata nafasi, unajua jambo halina haraka. Sare za shule zilikuwa zimerundikana mezani, na fundi akaendelea kushona. Alifika baada ya miezi tisa, akivuja damu, na kile kitu kidogo kimekwisha kuwa saratani.

"Angekuja mwezi ule ule, angetibiwa asubuhi na mchana akarudi kushona," anasema Mama Simu. "Niliogopa kumtisha. Najuta, lakini maji yakimwagika hayazoleki."

Fundi alipona baada ya wiki tano za mionzi. Ana miaka thelathini na sita na mtoto mmoja, na hatazaa tena. Akikaa kwenye cherehani zaidi ya saa moja, kiuno kinamkatalia. Mama Simu alikwenda kwake kumwomba radhi. Alipewa kiti, akapewa maji ya kunywa, kisha fundi akarudi kwenye cherehani yake.

Muuguzi mkuu wa kliniki hamwachii mzigo huo peke yake. "Tulimpa simu na daftari, maneno tukamwachia atafute mwenyewe," anasema. "Hakuna aliyemfundisha. Na sisi tuna lawama."

Mwezi ujao kliniki inaajiri wapiga simu sita, na Mama Simu ndiye atakayewafundisha. Somo lake la kwanza ni kutaja siku, saa na mlango. Anatamani fundi aje aseme nao, lakini hajathubutu kumwomba. Lililo mbele yake leo ni jingine: fundi amekosa kipimo chake cha kila miezi sita.

Anabonyeza namba bila kutazama daftari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kipimo chako kimepitiliza. Njoo kesho saa tatu, mlango wa pili. Nitakuwa pale."

"Kesho nina nguo za watu."

Mama Simu anafumba macho. "Najua. Njoo kesho."

Upande wa pili cherehani inanyamaza.

"Siku ile ungeniambia hivi hivi," fundi anasema.

"Ningekuambia, mwanangu. Sikukuambia. Nisamehe."

Cherehani inanguruma tena kidogo.

"Haya. Kesho saa tatu."

Mama Simu anaandika tarehe na saa. Nafasi ya mwisho, pale alipowahi kuandika "Atakuja", anaiacha tupu.

"Hapo nitaandika nikimwona," anasema, na kutafuta jina linalofuata.