Upepo Chini ya Mahindi

Dada yangu mkubwa aliolewa Rongai, katika familia ya wakulima, na ndiye aliyewashawishi akina mama wa kikundi chao wajenge kikaushio cha mahindi. Ukikiona ni kitu rahisi: sanduku la matofali lenye urefu wa trela ya trekta, na ndani yake, kwenye kimo cha magoti, mabati yenye matundu madogo yamelazwa kama sakafu. Mahindi humwagwa juu ya mabati hayo. Chini kuna uwazi, na feni husukuma humo hewa iliyopashwa moto na tanuri la magunzi. Hewa hiyo haina pa kutokea ila kupitia matundu, kisha katikati ya punje, mpaka juu.

Angalau ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Msimu huo mvua ilikataa kuisha wakati wa mavuno. Mahindi yalivunwa na unyevu wake, na mara mbili mfululizo kikaushio kilitoa mahindi yenye mabaka. Mahali pamoja punje zilikauka hadi zikapasuka, na kando kidogo tu zilikuwa bado laini. Zilipotiwa kwenye gunia pamoja, ukungu ulianza humo ndani na kuenea. Mahindi ya ukungu ni sumu. Hayaliwi, na mwenye akili hampi hata ng'ombe.

"Wamenipa nafasi moja ya mwisho," dada aliniambia kwa simu. "Haya ya Jumamosi yakitoka kama yale mengine, kila mtu anachukua yake anaenda kuanika kando ya barabara. Na mvua ndiyo hii unaisikia."

Niliisikia kweli, ikipiga bati la nyumba yake. Nilielewa pia asilolisema. Mahindi hayo yalikuwa chakula cha nyumba zao hadi mavuno mengine, na yeye ndiye aliyewaambia wayaamini matofali na feni.

Mimi ni fundi hapa Nakuru mjini. Natengeneza inveta, redio za magari na mashine za kuangulia vifaranga. Shule niliiacha mapema kuliko nilivyotaka. Ninachokijua kuhusu elektroniki nimejisomea, kwanza kwenye vitabu vya mtumba, baadaye kwenye simu, hasa zile kurasa za maelezo ambazo watengenezaji wa vipuri hutoa bure na ambazo wanunuzi wengi hawazifungui. Mimi huzisoma mpaka yale maandishi madogo ya chini. Wakati huo mezani kwangu palikuwa na kihisi cha tofauti ya shinikizo la hewa, nilichomnunulia mfugaji mmoja wa kuku kule Bahati aliyetaka kujua lini chujio la feni yake limejaa vumbi. Ni kipande cha plastiki chenye ukubwa wa kidole gumba, na kina midomo miwili ya kuvalishwa mipira myembamba ya kupitisha hewa. Hakikuelezi hewa ya mdomo mmoja ikoje. Kinakuambia huu unamzidi mwenzake kwa kiasi gani.

Dada alikuwa ameshaambiwa na kila mpita njia kwamba feni ni dhaifu, atafute kubwa zaidi. Huenda ilikuwa kweli. Lakini hakuna aliyekuwa amepima, nami sipendi kubadilisha kipuri ambacho hakijahojiwa.

Nilikiunganisha kihisi na bodi ndogo ya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa, nikaongeza kioo cha namba, nikaiandikia programu ya kusoma mara nyingi kwa sekunde na kuonyesha wastani, maana usomaji mmoja mmoja hurukaruka. Nikaacha midomo yote miwili wazi mezani ili nione kama inaonyesha sifuri. Haikuonyesha sifuri kamili; nikaiondoa tofauti hiyo ndani ya programu. Kisha nikakunja mpira unaoonyesha ndani uwe kama herufi U, nikatia maji yenye rangi kidogo, nikapuliza taratibu upande mmoja pamoja na mdomo mmoja wa kihisi, na kulinganisha. Kila milimita ya tofauti kati ya maji ya huku na ya kule ni karibu paskali kumi za shinikizo. Kihisi na maji vilikubaliana. Nakiri nilitabasamu peke yangu. Maji hayajui kudanganya, na kifaa nilichokiunga kwa mikono yangu kilikuwa kinasema sawa na maji.

Jumamosi asubuhi nilifika Rongai nikakuta mahindi yameshamwagwa na kusawazishwa, na tanuri linavuta. Jirani wa dada, mama mwenye ulimi mwepesi aliyeleta magunia mengi kuliko wenzake, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa akilinda mali yake kwa macho.

"Fundi, umekuja kupima presha?" akaniuliza. "Anza na yangu. Iko juu sababu ya haya mahindi."

"Yako itakizidi hiki kifaa, mama. Kitaungua."

"Ona huyu! Amefanana na dada yake, mdomo tu."

Nilitoboa tundu dogo kwenye ukuta, chini ya mabati, nikapenyeza mpira mmoja mpaka ncha yake ikawa sawa na uso wa ndani wa ukuta. Ukiuacha ujitokeze na kuelekea feni, utapima mbio za upepo badala ya msukumo wake. Mpira wa pili niliuacha juu, kwenye hewa ya kawaida, ncha yake ikiwa ndani ya kopo lenye matundu na kipande cha sponji, ili upepo wa Rongai usiingilie mazungumzo. Kioo kikaonyesha kati ya paskali mia moja themanini na mia moja tisini, nacho kikatulia hapo. Kwa kina kile cha mahindi, na kwa yale niliyosoma, hiyo haikuwa feni dhaifu hata kidogo. Nilimwambia dada hivyo. Hakufurahi. Kama feni ilikuwa nzima, basi shida ilikuwa kitu ambacho bado hatukukijua.

Tulipomaliza kunywa chai, namba ilikuwa imeshuka hadi mia moja na kidogo.

Nilishuku kazi yangu kwanza. Nikakagua mipira kama imechomoka, haikuwa imechomoka. Nikaufunga ule mpira wa maji kwenye tundu lilelile, na maji yakasema vilevile. Nikagusa mkanda wa feni, nikasikiliza mota, nikazunguka matofali nikitafuta ufa. Kila kitu kilikuwa kama asubuhi. Ndipo nikainua kichwa.

Ndani ya sanduku, juu ya mahindi, alikuwamo mama mkwe wa dada. Watoto wa boma lile humwita kogo, yaani nyanya, nami humwita hivyo. Alikuwa pekupeku, sketi ameikunja, anaburuta miguu polepole kutoka mwisho hadi mwisho, akiacha nyuma yake mifereji miwili iliyonyooka. Kila aliyekulia kwenye mahindi anaijua kazi hiyo. Ndivyo yanavyogeuzwa yakianikwa kwenye turubai: unatembea bila kuinua nyayo, punje za chini zinakuja juu, jua linazipata. Kogo aliifanya kwa ustadi wa maisha yake yote, na alikuwa ameifanya kwenye yale ya kwanza na ya pili pia.

Nilimtazama dada. Yeye naye alimtazama kogo, kisha namba, kisha mimi. Tulikuwa tumeelewa, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angeweza kulisema. Dada ni mke wa mwanawe. Mimi ni shemeji wa boma, niliyekunywa chai yake muda mfupi uliopita. Mtu kama mimi hamwambii mama kama yule ashuke.

Basi nilichukua waya mrefu, nikakitoa kioo kilipokuwa, nikakifunga kwenye nguzo mbele ya sanduku, usawa wa macho ya mtu aliyesimama juu ya mahindi. Kisha nikajifanya nakaza skrubu.

"Fundi," kogo akaita, "hiyo inaandika nini?"

"Inaandika vile upepo unasukuma mahindi kutoka chini, kogo. Ikiwa juu, upepo umezuiwa vizuri, unalazimika kupita kila mahali. Ikishuka, umepata njia ya mkato."

"Sasa iko juu ama chini?"

"Imeshuka. Asubuhi ilikuwa juu."

Kogo aliburuta miguu hatua chache, jicho kwenye kioo, na namba ikapungua tena kidogo. Akasimama. Akainama, akaweka kiganja juu ya mfereji mmoja, akakitoa haraka. Akakiweka juu ya tuta lililokuwa katikati ya mifereji, akakiacha hapo muda mrefu.

"Huku moto," akasema. "Huku hakuna kitu." Akaangalia miguu yake kama ya mtu mwingine. "Kumbe ni mimi natoboa!"

Jirani alicheka hadi ndoo ikayumba. "Kogo, umekuwa panya wa stoo!"

"Nyamaza, wewe. Haya nakausha ni yako." Lakini naye alikuwa anacheka. Kisha akanigeukia, na sasa hakuwa anatania. "Lakini mahindi lazima yageuzwe, fundi. Ya chini yanakauka kwanza. Ukiyaacha, ya juu yanaoza."

Alikuwa sahihi, na ningekuwa mjinga kutolisikia. Hewa moto huanza na tabaka la chini. Nilikuwa nimepima msukumo, na kogo alikuwa anajua mahindi. Tulikubaliana pale pale: katikati ya kazi feni izimwe, mahindi yageuzwe kwa sepetu, ya chini yaje juu, kisha yasawazishwe kwa ubao mrefu mpaka namba irudi ilipokuwa asubuhi. Kogo alidai kuushika ubao mwenyewe. Aliuvuta kutoka kila upande huku akisoma kioo kwa sauti, na ilipofika mia moja themanini na tano akauweka chini na kutuangalia sote kama mtu aliyefunga bao.

Kabla ya jioni dada alichota mahindi kutoka pembe zote na katikati. Kila konzi aliitia kwenye chupa kavu pamoja na chumvi, akaitikisa, akaiacha itulie. Kama punje bado zina unyevu, chumvi hushika kwenye kuta za chupa. Jirani alizinyang'anya chupa zile, akaziinua moja moja kwenye mwanga. Chumvi ilikuwa imelala chini yote, chupa zikiwa safi. Hakutosheka. Akapanda, akachimba mahali alipopachagua mwenyewe, akaing'ata punje, ikalia kama kokoto.

"Haya," akasema. "Yaliyobaki kwangu nitayaleta Jumatatu. Na nitawaambia wale wengine wasianike."

Dada aliingia jikoni. Nilimfuata nikamkuta amesimama tu, mikono kwenye meza, anapumua.

Nilipoanza kufungua mipira ili nirudi mjini, kogo alinizuia kwa ubao. Kifaa hicho, akasema, hakiendi popote. Kama mtu wa kuku anataka chake, nimtengenezee kingine. Nilimtengenezea. Cha Rongai bado kiko pale kwenye nguzo, na nikipiga simu wakati wa mavuno, kogo hunisomea namba kabla hata hatujasalimiana.