Koti la Picha

Mdogo wangu akipiga simu kutoka Dar na kusema, "Nitumieni picha ya baba," basi shughuli ilianza. Baba, aliyegoma kuoga asubuhi nzima, ghafla alitaka maji ya moto. Alitaka kunyolewa ndevu. Alitaka koti la kijivu, lile la kanisani. Kiti nikisogeze kwenye migomba iliyobeba, zizi la ng'ombe lisionekane. "Ajue nyumba yake iko salama," alisema.

Nyumba yake! Kwetu Mwika kitinda mimba wa kiume ndiye anayerithi nyumba ya wazazi, hilo nalijua tangu utoto. Lakini aliyemnywesha uji nani? Aliyebadilisha shuka nani? Ni mimi, binti mkubwa, niliyefunga duka langu la vitambaa Moshi mjini nikapanda huku kumuuguza. Mwenzangu alionekana Krismasi, akala nyama, akashuka. Nilikuwa na wivu, sioni haya kusema. Wivu wa kukaba roho.

Siku moja nikiwa namnyoa, uzalendo ukanishinda. "Baba, leo nakupiga picha ya kwangu mimi. Vaa koti."

Akanishangaa, povu la sabuni shavuni, fulana imetoboka kifuani. "Koti la nini, mama? Kwani wewe mgeni?" Akacheka, mapengo yote nje. Nikapiga hivyo hivyo, kwa hasira.

Nilipomwonyesha, akanishika mkono. "Hii usimtumie mdogo wako. Asinione hivi."

"Na mimi je? Mimi ndiyo nikuone hivi?"

"Wewe si ni wa hapa hapa," akasema, akanigeuzia shavu la pili nimalizie.

Nilimaliza nimenuna. Ila tangu hapo nikawa nampiga picha bila koti: akipiga miayo, akilala mdomo wazi, akimfokea ng'ombe kupitia dirisha. Simu ikajaa.

Alipofariki, mdogo wangu akachagua ile ya koti, ikawekwa juu ya jeneza. Watu wakapita wakisema mzee alipendeza kweli. Mimi nilimtazama yule bwana wa kwenye fremu nikaona sina cha kumwambia.

Baada ya mazishi mdogo wangu akanifuata jikoni, macho yamevimba. Akakaa kwenye kigoda.

"Dada, huna picha nyingine ya baba? Yoyote ile. Hata akiwa anaumwa."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu.

"Hamna," nikamjibu, nikaendelea kuosha masufuria.