Vidoti Vilivyofundishwa Kunawa Miguu

Nimehamahama sana, Kahama, Tunduma, Mtwara, lakini moyo hurudi Kinole, milimani juu ya Morogoro, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na malori ya wanunuzi yalipoanza kupanda mlimani kufuata ndizi.

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na daftari. Mhadhiri mmoja wa Morogoro Mjini aliniajiri niandike bei kila siku ya gulio. Yeye alikuwa na gulio lake ndani ya kompyuta: kila muuzaji kidoti cha kijani, kila mnunuzi chekundu. Akibonyeza, vidoti vinashuka mlimani kimoja kimoja, na bei inaporomoka kabla ya saa nne, maana kila kidoti kinaogopa kurudi na mkungu wake. Daftari langu lilisema bei haitikisiki hadi adhuhuri.

"Umepika," aliniambia. "Ulikaa kilabuni ukajaza."

"Sijapika, Mwalimu."

"Gulio lijalo ukileta uongo tena, uache daftari uende."

Safari hiyo sikungoja sokoni. Nilipanda alfajiri hadi kijito kilicho juu ya gulio. Akina mama walikuwa wanatua mikungu na kuosha matope miguuni.

"Shikamooni."

"Marahaba. Wa daftari kapanda leo? Andika na nyufa za visigino vyangu."

"Njaa hiyo," mwingine akadakia. "Anafuata ndizi."

Nikaona kitu. Aliyekwisha kunawa haondoki. Anakaa jiweni mpaka wa mwisho afike, naye anawe, na katikati ya matani yale bei moja ya wote inasemwa.

"Mbona hutangulii, mama?"

"Niingie sokoni peke yangu, kama mwizi?"

Jioni nilishuka mjini juu ya lori la ndizi, nikamweleza mhadhiri. Akaigeukia kompyuta, akaandika amri mpya: kidoti kisivuke kijito mpaka wenzake wote wanawe. Akabonyeza. Vidoti vikashuka, vikakusanyika, vikangoja. Vikaingia gulioni kwa pamoja, na bei ikasimama, saa nne, saa tano, hadi adhuhuri. Akaweka daftari langu kando ya kioo, akafuata mistari kwa kidole.

"Hukupika, ndugu yangu."

Akainuka, akanipisha kiti chake. "Hebu bonyeza wewe."

Nikabonyeza. Nimepita miji mingi tangu hapo, na sijaketi popote kwa raha kama kwenye kiti kile, matope ya kijitoni yakikauka miguuni. Mimi peke yangu sikuwa nimenawa.