Tuzo ya Kasa

Harufu ya karafuu mbichi huwafurahisha wageni, mimi hainifurahishi hata kidogo. Kwangu ni harufu ya kazi: vidole vyeusi, kucha zinazowasha, mgongo unaouma kwa kukaa chini tangu adhuhuri. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na moja, skuli zimefungwa, na kila alasiri watoto wa nyumba yetu pale Gando tulilizunguka jamvi, kila mmoja na fungu lake, tukizitenga karafuu na makonyo, yaani vile vijiti vyake. Bibi alikuwa na sharti moja tu: mdomo ruhusa, mkono usisimame. Basi tulibishana, na makoo makavu vilevile, maana ilikuwa Ramadhani.

Ubishi wa msimu ule ulikuwa wa katuni. Redio ilisema huko ng'ambo filamu za katuni hushindanishwa na iliyo bora hupewa tuzo kubwa. Sisi tukaona hao watu hawana haki ya kuamua bila ya kutuuliza. Tulizozijua zilikuwa mbili: ya punda aliyegoma kubeba mizigo, na ya kasa aliyetafuta pwani aliyozaliwa. Mjomba Hamadi, mwenye deki ya video peke yake mtaani, alisema Sikukuu ya Idi ataonyesha itakayoshinda jamvini kwetu, moja tu, maana hakutaka kutuona sebuleni kwake kutwa nzima.

Kaka yangu Mbarouk alisimama na punda. Ndugu yangu Zuwena, binti wa mama mdogo, alisimama na kasa, na kasa mwenyewe hakuwahi kumwona. Filamu ilipoonyeshwa yeye alikuwa kalala na surua, nami ndiye niliyemsimulia. Tabu ni kwamba umeme ulikatika kabla ya mwisho, na kanda ikarudishwa mjini Wete kwa mwenyewe. Zuwena alikuwa na miaka tisa. Mama yake alikwenda Maskati kufanya kazi, akaahidi kurudi msimu wa karafuu, na huo ulikuwa msimu wa pili. Aliponiuliza, "Halafu?" nikamwambia kasa alifika pwani akamkuta mama yake anamngoja mchangani. Nikaongeza kwamba nimeusoma mwisho huo nyuma ya kasha la kanda, kwa Kiingereza, nikijua nyumba nzima hapana wa kunisahihisha.

Sikutegemea kwamba ataubeba uongo wangu mpaka jamvini.

"Punda kagoma, halafu kapata nini?" aliwauliza. "Kala majani. Kasa kampata mama yake. Tuzo anapewa nani hapo?"

Wadogo wakaanza kuhamia upande wake. Mbarouk akaona maji yamemfika shingoni, akanigeukia.

"Raya, kweli umeusoma? Haya, apa. Na umefunga!"

Mikono yangu ilisimama. Zuwena alinitazama bila wasiwasi wowote, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Wallahi nimeusoma," nikasema.

"Raya, mkono," alisema Bibi, wala hakuinua macho.

Kasa akashinda. Siku zilizobaki za Ramadhani niliomba kanda ipotee, iungue, Mjomba apate safari. Wapi! Sikukuu asubuhi tulikaa mkekani kwa Mjomba, nguo mpya zinatuchoma, umeme umewaka vizuri kuliko siku zote. Kasa akafika pwani. Pwani ilikuwa tupu. Akachimba shimo, akataga mayai yake, akarudi baharini, majina yakaanza kupanda kwenye skrini.

Mbarouk aliruka. "Mama yuko wapi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikiri, Zuwena akaniwahi. "Hii kanda nyingine," akasema kwa sauti kavu. "Mjomba kadanganywa Wete." Akatoka nje kwenda kucheza. Niliona haya ambayo sijapata kuiona tena.

Mama yake alirudi Zuwena yuko darasa la kumi. Zuwena alimwamkia, akampokea begi, akamkaribisha kiti kama mgeni.

Siku hizi wanangu hubishana hivyohivyo kila mwaka msimu wa tuzo ukifika, ila wao filamu zote ziko kwenye simu, na mwisho wanaupeleka mbele wakauona kwanza. Sidhani kama wanakosa kitu. Nyumba haina haja tena ya mtu wa kutunga. Idi iliyopita walimwomba Zuwena awe mwamuzi. Akacheka, akasema yeye aliwahi kuipa ushindi filamu ambayo mwisho wake haukuwepo duniani. Watoto wakaona mzaha. Mimi nikamfuata jikoni, mtu mzima na miwani yangu, nikamwambia nisamehe kwa ule uongo.

Alikuwa akikatakata vitunguu na hakuacha.

"Wewe nilikusamehe palepale, dada," alisema. "Mama ndiye bado sijamsamehe."